Binti yangu anataka tununue gari la umeme, mdogo wangu fundi anakataa

BARUA

Mama Mshauri, nakusalimu kwa heshima.

Mimi ni baba wa watoto wanne, nina miaka 54, na ni mtunza hesabu katika bohari moja la vifaa vya ujenzi hapa Lubumbashi. Tunaishi Katuba, katika lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, tuliloachiwa na marehemu baba yangu, pamoja na familia mbili za wapangaji. Gari letu ni Toyota Corolla ya zamani ambalo limetutumikia vizuri, lakini sasa linakunywa lita 10 za petroli kwa kila kilomita 100, na mwaka huu limelala garaji kuliko lilivyotembea. Tumekubaliana nyumbani kwamba halifai kutengenezwa tena. Akiba yetu ni dola 5,500.

Binti yetu wa kwanza ni mhandisi wa umeme katika kampuni moja inayohudumia migodi ya Kolwezi. Aliposikia kwamba tunatafuta gari, alisema atatuongezea dola 3,500, kwa sharti kwamba tununue gari la umeme. Aliniambia: "Papa, kobalti, madini ya kutengenezea betri, inatoka chini ya miguu yetu, inapelekwa ng'ambo, na sisi tunabaki kuvuta moshi wa magari yaliyochoka. Safari hii tuanze sisi." Nilijivunia maneno yake, lakini nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu.

Upande wa pili yuko mdogo wangu, wa baba mmoja na mama mmoja. Ana garaji yake katika komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, na kwa miaka yote hii ndiye anayelitengeneza gari letu, mara nyingi bila kunidai chochote isipokuwa bei ya vipuri. Aliposikia habari hii alikasirika. Alisema: "Yaya, kaka yangu, haya magari ya umeme na haya ya haibridi ni kitu kimoja. Siku betri ikifa, utakuwa na sanduku la bati uani. Ukinunua, usiniletee." Anataka tuchukue gari la kawaida la petroli, na ameshaliona moja, ila sasa hanipigii simu kama zamani.

Katika uwanja mmoja wa kuuzia magari nimeonyeshwa mawili, yote kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na yenye usukani wa kulia. Moja ni Nissan Leaf la mwaka 2014, la umeme mtupu, ambalo kipimo chake cha betri kinaonyesha vijistari tisa kati ya kumi na viwili. La pili ni Toyota Prius la mwaka 2010, la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na betri pamoja. Bei zao hazipishani sana, na kila moja linahitaji akiba yetu pamoja na sehemu kubwa ya fedha za binti.

Safari zetu ni hizi. Mimi huenda kazini mjini na kurudi, na Jumapili mara nyingine tunakwenda Kipushi kumsalimu mama mkwe. Mke wangu hufanya biashara ya vitenge na viatu, na kwa hiyo huenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara moja kwa juma, majuma mengine mara mbili, na hurudi na mizigo. Yeye anasema tuamue sisi. Umeme kwetu hukatika mara nyingi. Kwa kawaida hurudi usiku watu wakiwa wamelala, na ankara yake tunaigawana na wapangaji.

Mama, je, gari la umeme au la haibridi linastahili kununuliwa na mtu wa hali yangu? Na nikikataa fedha za binti, au nikimpuuza mdogo wangu, nitakuwa nimefanya nini? Muuzaji ananiambia niweke malipo ya awali juma hili.

Baba wa Katuba

JIBU

Baba, nakushukuru kwa kueleza mambo yako bila kuficha hesabu, kwa sababu wengi huniandikia kuhusu fedha bila kutaja kiasi hata kimoja. Nikikuelewa vizuri, una akiba ambayo peke yake haitoshi, una msaada wa binti unaokuja na sharti, una ndugu ambaye ndiye aliyelifanya gari lako litembee na ambaye sasa anajitoa, na una mke ambaye biashara yake inalitegemea gari hilo. Katikati ya watu hao watatu unaowapenda umesimama wewe, huku muuzaji anakuharakisha.

Niruhusu nianze na jambo ambalo hukuniuliza. Binti yako umempa aya nzima, mdogo wako aya nzima, na mama wa nyumba umempa sentensi moja tu, kwamba anasema mwamue ninyi. Hata hivyo, Kasumbalesa ni karibu kilomita 90 kutoka Lubumbashi, kwa hiyo safari moja ya kwenda na kurudi inakaribia kilomita 180. Kwa hesabu zako mwenyewe, kilomita nyingi za gari hilo ni zake. Sijui kwa nini amenyamaza. Huenda kweli hajali ni gari gani, au huenda ameona baba, binti na shemeji wamekwisha kugawana uwanja, akaona asiongeze kelele. Kabla ya kuuliza kama gari linastahili bei yake, ningependa umuulize yeye, mkiwa wawili peke yenu, anabeba mizigo mingapi kwa kawaida, hurudi saa ngapi, na anaogopa nini akiwa njiani.

Tukiwa na safari hizo mbele yetu, tulitazame hilo Leaf. Lilipotoka kiwandani mwaka 2014 lilikuwa na betri ya kuhifadhi umeme wa kilowati-saa 24, na vipimo rasmi vya Marekani vya mwaka huo vililipa mwendo wa kilomita 135 hivi kwa betri iliyojaa. Vile vijistari kumi na viwili ulivyoonyeshwa havipimi chaji ya siku hiyo, bali uzima wa betri yenyewe. Kijistari cha kwanza huzimika betri inapopoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata huondoka na asilimia 6 hivi. Kwa hiyo vijistari tisa vinamaanisha kwamba imebaki asilimia 70 ya betri au pungufu kidogo, yaani kama kilowati-saa 16 au 17. Dereva mwangalifu atapata kilomita 80 au 90 kabla ya kuanza kutokwa jasho. Ukilinganisha na umbali nilioutaja, utaona kwamba gari hilo linaweza kumfikisha mama karibu na Kasumbalesa, lakini haliwezi kumrudisha bila kupata chaji ya saa nyingi hukohuko. Leaf la miaka ya baadaye lenye betri ya kilowati-saa 40 lingekuwa hadithi nyingine, ila bei yake nayo ni nyingine.

Kuna jambo lingine kuhusu vijistari hivyo. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili vijistari vionekane vingi kwa muda, kisha vinazimika tena baada ya gari kutembea. Ulilolikuta lina tisa, kwa hiyo huenda muuzaji wako ni mkweli kwa upande huo, lakini binti yako, akiwa mhandisi wa umeme, anaweza kulipima kwa kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na programu ya simu iitwayo LeafSpy, ambayo huonyesha hali ya betri seli kwa seli. Itakuwa vizuri apime kabla hamjazungumza bei.

Sasa umeme wa nyumbani. Soketi ya kawaida ya volti 220 na ampea 10 hutoa kilowati mbili na kidogo. Umeme ukirudi, tuseme, saa tano usiku na kuondoka saa kumi alfajiri, gari litakuwa limepokea chaji ya kilomita 50 au 60. Kwa wewe wa kwenda mjini na kurudi, hiyo inatosha na kubaki, na safari ya Kipushi Jumapili inawezekana, maana kwenda na kurudi ni kama kilomita 60, mradi umeme wa Jumamosi usiku usiwaangushe. Hapo naona binti yako ana hoja ambayo mdogo wako haioni: kwa mtu anayezunguka mjini tu, Leaf hata lenye betri iliyozeeka linaweza kumtumikia, halina oili ya injini, halina plagi, halina ekzosi, na breki zake huchakaa polepole kwa sababu mota yenyewe husaidia kulipunguza mwendo. Hali ya hewa ya Lubumbashi nayo inalifaa. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupozwa kwa maji na huumia kwenye joto kali, lakini mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na isipokuwa Oktoba, joto letu si la kutisha.

Hatari ni pale usiku unapopita bila umeme. Watu husema, basi nitawasha jenereta. Fanya hesabu, Baba, wewe ni mtu wa hesabu. Gari hilo linahitaji kama kilowati-saa 18 kutoka kwenye soketi kwa kilomita 100, na jenereta ndogo ya petroli hunywa karibu nusu lita kwa kila kilowati-saa. Utakuwa umechoma lita 8 au 9 kupata kilomita 100, pamoja na kelele na moshi uani kwako, wakati gari dogo la petroli lenye afya lingekwenda kwa lita chache kuliko hizo. Paneli za jua zinaweza kusaidia, lakini gari lako litakuwa mjini wakati jua liko Katuba.

Usisahau pia wapangaji. Ankara mnayogawana leo kwa taa, pasi na redio haitabaki ileile gari likianza kunywa humo kila usiku, na ugomvi wa lupango huanza na mambo madogo kuliko hayo. Likiwapo gari la umeme, litahitaji mita yake ndogo ya pembeni, waya mnene wa peke yake, na waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ambao nyumba nyingi za zamani hazina na ambao bila huo chaja nyingi hukataa kufanya kazi. Gharama hiyo haimo katika bei uliyotajiwa.

Tuje kwenye Prius. Hapa nadhani wewe na mdogo wako mmeunganisha vitu viwili visivyo kimoja. Prius la 2010 halichomekwi popote. Lina injini ya petroli ya lita 1.8 na betri ndogo ya kilowati-saa 1.3, ambayo haifiki hata sehemu ya kumi ya ile ya Leaf, na betri hiyo huchajiwa na injini pamoja na nguvu inayopatikana dereva anapofunga breki. Umeme wa Katuba ukatike au usikatike, gari litakwenda. Kwa sababu hiyo, safari ya Kasumbalesa haina mashaka ya kuishiwa chaji njiani.

Hata hivyo, nakuomba uulize vizuri maana ya akiba ya mafuta. Umelinganisha magari haya mapya kwako na Corolla lako linalokunywa lita 10, lakini hizo lita 10 ni ugonjwa wa uzee. Ulinganisho wa haki ni kati ya Prius na lile gari la petroli ambalo mdogo wako ameliona. Gari la kawaida la lita 1.5 lililotunzwa hutumia lita 6 au 7, na Prius hutumia lita 5 hivi. Haibridi hushinda zaidi mjini, kwenye foleni na kusimamasimama, kwa sababu huko ndiko inakookoa nguvu ya breki. Kwenye lami ndefu ya Kasumbalesa faida hupungua. Kama mnatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, tofauti inaweza kuwa lita 30 au pungufu. Zidisha kwa bei ya pampu ya juma hili, kisha uweke kiasi hicho kando ya bei ya betri nyingine ya Prius utakayotajiwa na wauza vipuri, uone ni miezi mingapi inahitajika ili moja ilipe nyingine. Sikwambii jibu litakuwa upande gani, kwa sababu linategemea bei utakazozikuta.

Betri hiyo nayo ina adui ambaye hapa kwetu hakosekani. Hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu huziba feni hiyo, betri hupata joto na kufa kabla ya siku zake. Tena mama akipanga marobota ya vitenge juu ya kiti cha nyuma, tundu hilo hufunikwa. Kusafisha feni ni kazi ya bisibisi na subira, lakini ni lazima mtu aijue. Gari lenyewe pia liko chini; likiwa na mizigo, mashimo ya mitaani yatagonga tumbo lake. Na akitokea mtu wa kukuuzia betri "iliyofanyiwa ukarabati", muulize kama amebadilisha vipande vyote 28 au viwili vitatu vilivyokufa, kwa sababu kipande kipya katikati ya wazee huwa hakiwarudishii wenzake ujana.

Mdogo wako, basi. Umeniandikia hasira yake, nami katika hasira hiyo nasikia woga wa aina mbili. Wa kwanza ni wa haki kabisa: ndani ya magari haya mna waya za rangi ya machungwa zenye volti nyingi, 200 na zaidi kwenye betri ya Prius na karibu 400 kwenye Leaf, na fundi asiyefundishwa anaweza kufa kwa kuzishika. Kukataa kugusa kitu usichokijua ni heshima kwa kazi. Woga wa pili sina hakika nao, lakini ufikirie: mtu ambaye kwa miaka mingi alikutumikia bila kudai anaambiwa siku moja kwamba ujuzi wake hauhitajiki tena, na maneno hayo yanatoka kwa binti aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Je, aliulizwa kitu, au alipewa habari tu? Ukweli ni kwamba kwenye Prius kazi yake nyingi ingebaki palepale: oili, breki, amotisa (shokapu), bushi na matairi. Injini za Prius za miaka hiyo zina ugonjwa unaojulikana wa gasketi ya silinda hedi, na dalili zake, injini kutikisika inapowashwa asubuhi na maji ya rejeta kupungua bila kuvuja, fundi wa petroli kama yeye atazitambua mapema kuliko mhandisi yeyote. Kama umemwendea kutaka baraka, jaribu kumwendea kutaka ukaguzi. Anaweza bado kukataa, na hapo utajua kwamba lazima utafute fundi mwingine wa sehemu ya umeme kabla hujanunua. Asipopatikana fundi huyo hapa mjini, vipuri na ujuzi vitakuwa vinafuatwa Lusaka au Dar es Salaam, na biashara ya mama haiwezi kungoja hivyo.

Kuhusu binti, sharti lake limenigusa, na sitaki ulichukue kama jeuri ya mtoto mwenye mshahara. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na mtu anayeona malori yakiondoka Kolwezi kila siku ana haki ya kutaka kitu kirudi nyumbani. Lakini Leaf la 2014 lililochakaa Japani halirudishi kitu kikubwa, na magari mengi mapya ya umeme kutoka China sasa hutumia betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti hata kidogo. Sisemi haya ili umshinde kwa hoja. Nasema ili mzungumze juu ya kile anachokitaka hasa. Je, anataka gari la umeme, au anataka wazazi wake wasiachwe nyuma? Je, haibridi ingetimiza sharti lake? Je, angekubali fedha zake zikae hadi mpate Leaf lenye betri kubwa zaidi, huku mama akiendelea kusafiri kwa basi au teksi kwa miezi kadhaa? Je, ikiwa betri itakufa mwaka ujao, hasara hiyo itakuwa ya nani? Swali hilo la mwisho ni gumu kumuuliza mtoto, lakini ni afadhali kuliuliza leo kuliko kulinyamazia hadi siku ya lawama.

Unaniuliza utakuwa umefanya nini ukikataa fedha zake. Inategemea utakavyosema. Ukimwambia, "Hatuzitaki," utakuwa umefunga mlango. Ukimwonyesha safari za mama yake, saa za umeme mlizoziandika kwa majuma mawili, na hesabu ya mafuta, utakuwa unamheshimu kama mhandisi, na huenda yeye mwenyewe akabadilisha sharti, au akakuonyesha kitu ambacho mimi na wewe hatukukiona. Kununua gari la mdogo wako kwa 5,500 zenu na mkopo kidogo ni njia inayowezekana pia, na haina aibu, ila kumbuka kwamba hata hilo ni gari la mtumba lenye siri zake, na ndugu aliyekuchagulia gari ni mgumu kumlalamikia.

Malipo ya awali usiyaweke juma hili. Mwambie muuzaji kwamba unamngoja binti yako ashuke kutoka Kolwezi na kifaa chake cha kupimia, na kwamba ungependa pia kumuuliza mtu wa forodha kuhusu karatasi, usukani na umri wa gari. Akikwambia kuna mteja mwingine anayelingoja Leaf hilo, mwache alichukue. Gari lenye vijistari tisa halikimbiliwi na watu wengi hivyo.